Makombo ni ya nani?

Mtu amekula, ameshiba, amesaza chakula katika sahani yake, kisha amekimwaga. Je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani? Chakula kilikuwa chake. Hakuiba shambani wala sokoni. Tumbo lilijaa, na kilichosalia alikitupa. Watu wengi wakiulizwa swali hili hujibu upesi. Wengine husema: «Si kitu.» Wengine husema: «Ni dhambi, maana wako watu wenye njaa.» Lakini majibu hayo mawili yote hutolewa haraka mno. Jambo la makombo laonekana dogo, walakini ndani yake mna haki, mna upendo wa jirani, mna malezi ya watoto. Anayetaka kulijua vema yafaa alitazame taratibu.

1. Ndoo ya watoto wa shule

Katika nchi ya Marekani viko vituo ambako watoto wa shule hupelekwa pamoja na walimu wao, wakae huko siku kadhaa mbali na miji yao. Vituo hivyo vimejengwa msituni, au kando ya ziwa, au mlimani. Huko watoto hawafundishwi kwa vitabu tu. Huonyeshwa miti, ndege, wadudu, maji na udongo, wapate kujua jinsi viumbe vinavyotegemeana. Katika jimbo la Oregon masomo hayo yamehesabiwa kuwa na faida kubwa. Mwaka 2016 raia walipiga kura, wakakubali fedha za bahati nasibu ya serikali zitumike ili kila mtoto wa darasa la tano au la sita apate juma moja la mafunzo ya namna hiyo.

Katika vituo vingi vya aina hii iko desturi moja ambayo mgeni huistaajabia. Watoto wakimaliza kula, hawaondoki mara moja. Ndoo huletwa. Kila mtoto hukwangua sahani yake. Maganda, mifupa na vitu visivyoliwa hutengwa, na maganda hupelekwa kwenye lundo la mboji, yaoze na kuwa mbolea. Lakini chakula kilichoweza kuliwa, nacho hakikuliwa, hutiwa ndooni. Kisha ndoo hupimwa kwa mizani mbele ya wote, na uzito wake huandikwa ubaoni. Desturi hiyo imepewa jina kwa neno la kale la Kiingereza, ort, maana yake makombo.

Siku ya kwanza watoto hushangaa. Kila mmoja alidhani ya kuwa ameacha kidogo tu: huyu ukingo wa mkate, yule vijiko viwili vya wali, yule mwingine nusu ya tunda. Hakuna aliyeona nafsi yake kuwa mharibifu. Kumbe ndoo imekuwa nzito hata mtoto mmoja hawezi kuinyanyua kwa urahisi. Haba na haba hujaza kibaba. Ndipo walimu huwawekea shabaha: kabla ya kurudi nyumbani, ndoo iwe tupu.

2. Mwalimu hasemi «Maliza»

Tazama sasa neno ambalo mwalimu mwenye busara hulisema. Hamwambii mtoto: «Maliza chakula chote.» Humwambia: «Pakua kidogo. Ukimaliza, na kama bado una njaa, rudi upakue tena.»

Maneno hayo mawili ni mbali na mbali. Wa kwanza amemwamuru mtoto kushindana na tumbo lake. Mtoto mwenye kushiba akijilazimisha kula ili ndoo iwe tupu, chakula hicho hakikumfaa yeye, wala hakikumfaa mtu mwingine. Tumbo la mtu si shimo la takataka. Ulafi hauponyi ubadhirifu. Ni ndugu yake. Wa pili hakumlazimisha mtoto kula. Amemfundisha kujipima.

Hapo yaonekana jambo la maana kuliko yote katika habari hii. Kosa halifanyiki wakati wa kukwangua sahani. Wakati huo kosa limekwisha kufanyika. Lilifanyika pale mkono uliposhika mwiko, jicho likatamani kuliko tumbo linavyoweza kubeba. Anayelia juu ya ndoo amechelewa. Dawa iko kwenye sufuria.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yalijua jambo hili tangu zamani, maana ina majina mawili kwa chakula kilichobaki. Chakula kilichobaki sufuriani kikalala hata asubuhi huitwa kiporo. Chakula kilichobaki sahanini baada ya mtu kula huitwa makombo. Kiporo kina mwenyewe: ni cha mtoto aendaye shule asubuhi, ni cha mgeni abishaye hodi usiku, ni cha mgonjwa wa nyumba ya jirani. Hakuna aibu kumpa mtu kiporo kilichohifadhiwa vema. Lakini makombo hayana mwenyewe. Yamekwisha kuguguswa na mkono wa mlaji. Mtu hawezi kumpa mwenzake bila kumdharau. Basi bugali ile ile, iliyopikwa kwa moto ule ule, ikibaki sufuriani ni riziki ya mtu. Ikiwa imepakuliwa bila kipimo, yageuka kuwa taka. Kinachotenganisha riziki na taka ni kiasi cha mwenye kupakua.

Katika mafundisho ya Kanisa kiasi ni mojawapo ya fadhila nne kubwa, pamoja na busara, haki na nguvu. Wako wanaodhani ya kuwa kiasi ni kujinyima tu. Sivyo. Kiasi ni kujua kinachotosha.

3. «Lakini chakula ni changu»

Mtu atasema: «Nilikinunua kwa fedha yangu. Nilikilima kwa jembe langu. Kitu changu nakifanya nipendavyo.»

Jibu la kwanza ni hili: bei ya sokoni hailipi vyote. Afikirie bonge moja la bugali ya muhogo. Mtu amelima, amepanda vijiti, amepalilia. Muhogo umekaa ardhini miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Kisha wanawake wameung'oa, wameumenya, wameuloweka majini siku tatu au nne ili sumu ya muhogo mchungu itoke. Wameuanika juani, wameutwanga, wameuchunga. Wamekwenda kutafuta kuni, wamechota maji. Baada ya hayo yote bonge limefika sahanini, na mtu mmoja analitupa kwa dakika moja. Alilipa unga. Jua na mvua hakuvilipa, wala mgongo wa yule aliyeinama shambani hakuulipa kama ulivyostahili.

Jibu la pili limetolewa na Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274. Yeye alifundisha ya kuwa mtu ana ruhusa ya kuwa na mali yake mwenyewe, maana kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake, na ugomvi hupungua. Lakini katika kuitumia mali hiyo, mtu asiihesabu kuwa yake peke yake. Awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Basi kumiliki ni jambo moja, na kutumia ni jambo jingine. Mwenye kitu amekabidhiwa kazi ya kukitunza na kukigawa. Hakupewa haki ya kukiharibu bure. Mlinzi wa ghala si adui wa ghala.

4. «Sahani yangu haiwezi kumshibisha mtu wa mbali»

Pingamizi hili la pili lina nguvu kuliko la kwanza, tena hufichwa mara nyingi. Wazazi humwambia mtoto: «Usitupe, wako watoto wenye njaa.» Mtoto mwenye akili hujibu moyoni: «Nikimaliza sahani hii, mtoto wa nchi ya mbali atashiba vipi?» Ana haki ya kuuliza. Kusema kweli, kumaliza sahani hakumshibishi mtu yeyote aliye mbali. Wanaofundisha hivyo hufundisha vibaya, na mtoto akigundua udhaifu wa neno hilo, atalidharau fundisho zima.

Walakini hesabu ya dunia haifai kupuuzwa. Umoja wa Mataifa, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2024, ulihesabu ya kuwa mwaka 2022 chakula kilichotupwa, pamoja na maganda na mifupa, kilifika tani bilioni 1.05, yaani karibu sehemu moja kwa kila tano ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ya chakula hicho ilitupwa nyumbani kwa watu, wala si madukani wala hotelini. Tena hesabu hiyo ilionyesha ya kuwa kati ya nyumba za nchi tajiri na nyumba za nchi zenye kipato cha kati tofauti ni ndogo. Kwa hiyo mtu asiseme upesi: «Hili ni kosa la matajiri tu.» Na katika Kongo yenyewe, mwaka 2024, watu wapata milioni 25 walikuwa katika njaa kali.

Lakini yule mwenye njaa ambaye mlaji anamkosea hasa, yuko wapi? Tarehe 5 Juni 2013 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha ya kuwa kutupa chakula ni kama kumwibia maskini mezani pake. Watu waliposikia neno hilo walidhani ya kuwa meza hiyo iko ng'ambo ya bahari. Pengine haiko mbali hivyo. Pengine ni sufuria ile ile.

Katika nyumba nyingi baba na wageni hupakuliwa kwanza. Baada yao hula vijana. Mama aliyepika hula mwisho, pamoja na mtoto mdogo, naye hukwangua ukoko. Baba akijaziwa bonge kubwa na samaki wawili, akala nusu, akanawa mikono, nani amepungukiwa? Si mtu wa nchi ya mbali. Ni yule atakayefunua sufuria baada yake.

Mtu atasema: «Hakuna kilichopotea, watoto watakula kilichobaki kwa baba.» Ni kweli, na heri wakila kuliko kikimwagwa. Lakini afikiri vema. Yule mtoto hakupewa fungu lake, amepata makombo. Fungu hutolewa kwa haki, makombo hupatikana kwa bahati. Leo baba hana njaa, mtoto atakula samaki. Kesho baba ana njaa, mtoto atakula mchuzi. Baba mwenye haki hangoji ashibe ndipo awakumbuke wengine. Huwakumbuka kabla ya kunyosha mkono.

Hiyo ndiyo maana ya ndoo ya watoto wa shule. Mtoto anayejifunza kupakua kidogo kwanza anajifunza kuuliza swali moja: «Ni nani atakayefika kwenye sufuria baada yangu?» Anayeuliza hivyo mbele ya wali atauliza hivyo siku moja mbele ya msitu, mbele ya mto, mbele ya samaki wa ziwa. Maana mambo hayo nayo ni sufuria, na wako watakaokuja kuifunua.

5. Desturi za kijijini

Wanakijiji wanaweza kuwaonea huruma watoto wale wanaohitaji mizani ili wajue kula. Katika sahani ya pamoja, ambamo watu watano huchovya bonge katika sombe moja, makombo ni machache. Kila mtu hukata tonge dogo, akila hukata tena. Yule mwenye pupa huonekana mara moja, nao wenzake humtazama. Wazee walijua kufundisha kiasi bila ubao wala chaki. Desturi hiyo njema isidharauliwe kwa kuwa sahani za mmoja mmoja zimeingia.

Lakini kijiji nacho kina ndoo yake, ingawa haipimwi.

Kwanza, kuna hasara ghalani. Mahindi yanayowekwa kabla ya kukauka vema hushikwa na ukungu. Maharagi yasiyofunikwa vema huliwa na wadudu. Chakula hicho kimemwagwa kabla hakijafika chunguni. Si kila hasara ni kosa, maana mvua haina adabu. Ila uvivu wa kuanika ni kosa.

Pili, kuna karamu. Siku ya arusi, ya ubatizo au ya kumaliza matanga, watu hupika si kwa kadiri ya walaji bali kwa kadiri ya sifa. Mwenye karamu huogopa kusemwa: «Chakula kilipunguka.» Basi huuza mbuzi, hukopa fedha, na kesho yake mbwa wa kijiji ndio walioshiba kuliko wote, naye mwenyewe abaki na deni.

Tatu, kuna heshima ya mgeni. Hapa jambo ni gumu zaidi, maana ukarimu ni fadhila, na mithali yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji humjazia mgeni sahani hata ifurike, na mgeni naye huacha kidogo ili asionekane mlafi. Wote wawili wametaka kuheshimiana, na chakula kimemwagwa katikati yao. Je, heshima iondolewe ili chakula kisipotee? Hapana. Heshima ihamishwe mahali pake. Isikae katika sahani iliyofurika. Ikae katika sufuria iliyo wazi. Mwenyeji ampakulie mgeni kwa kiasi, kisha amwambie: «Chakula kingalipo, baba, karibu tena.» Mgeni anayesikia neno hilo ameheshimiwa kuliko yule aliyelemewa na mlima wa bugali. Naye mgeni asione haya kuomba tena, wala asione haya kusema: «Nimetosheka.»

6. Ndoo haina jina

Liko jambo moja zaidi la kujifunza kwa walimu wale. Hupima ndoo, hawapimi sahani ya kila mtoto. Uzito unaoandikwa ubaoni ni wa wote. Hakuna mtoto anayesimamishwa mbele ya wenzake aambiwe: «Ni wewe.»

Wangefanya hivyo, nini kingetokea? Mtoto angejifunza hila. Angeficha nyama chini ya meza, angetia mkate mfukoni autupe majanini, na mizani ingedanganywa. Aibu humfanya mtu kuficha. Haimfanyi kuwa mwema. Lakini ndoo isiyo na jina humwachia kila mtoto kazi ya kujiuliza peke yake: «Je, sehemu yangu ni kiasi gani humo?» Swali hilo hakuna anayeweza kulijibu isipokuwa dhamiri yake. Wakatekumeni wataitambua njia hiyo, maana mtu anapojichunguza jioni hafanyi vingine.

Wazazi na walimu walishike neno hili. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini hakunjwi kwa kupigwa. Mtoto akiona baba yake anapakua kidogo, na mama anapata fungu lake lililo halali, amefundishwa zaidi kuliko kwa maneno mia.

7. Vikapu kumi na viwili

Basi, makombo ni ya nani? Jibu ni hili: kabla ya kupakuliwa, yalikuwa ya yule anayefuata. Baada ya kupakuliwa na kuachwa, si ya mtu tena, na hapo ndipo ubaya wake. Aliyeyatupa hakuiba kwa mtu wa mbali asiyemjua. Amemtangulia jirani yake kwenye sufuria, akachukua alichokihitaji na asichokihitaji, kisha akakiharibu asichokihitaji.

Katika Injili imesimuliwa jinsi Yezu alivyowalisha watu maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili. Wakristu hupenda kukumbuka mwujiza, na kusahau kilichofuata. Watu waliposhiba, Yeye aliyeweza kuongeza mikate kadiri apendavyo aliwaagiza wafuasi wake kukusanya vipande vilivyosalia kisipotee kitu, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Mwenye uwezo wote hakuona ya kuwa wingi unampa mtu ruhusa ya kutupa. Kama Yeye hakujipa ruhusa hiyo, ni nani atakayejipa?

Nao waliokusanya hawakukwangua sahani za watu. Waliokota mikate iliyokuwa ingali mizuri, iliyoweza kumfaa mtu. Ndivyo ifaavyo kufanyika katika karamu ya kijiji: kabla mikono haijagusa vyote, fungu litengwe, lifungwe katika majani ya mgomba, lipelekwe kwa mzee asiyeweza kutembea na kwa mjane aliyebaki nyumbani na mtoto mgonjwa. Watakapofungua majani yale watajua ya kuwa walikumbukwa tangu mwanzo.

Maswali ya kujiuliza

Katika nyumba yangu, ni nani hula mwisho? Je, hupata fungu au hupata makombo?

Kiporo na makombo vinatofautianaje? Ni nani anayegeuza kimoja kuwa kingine?

Mgeni aheshimiwe namna gani bila kumwaga chakula?

Kama makombo ya kijiji kizima yangetiwa katika ndoo moja na kupimwa, sehemu yangu ingekuwa kiasi gani?